Kengele ya geti inayotuma arifa kwenye simu: ESP8266, ESP32-CAM, SIM800L, au kuvuta waya tu?

pwani_umeme
Wakuu, habari za jioni. Nataka kumtengenezea mama kengele ya geti nyumbani Tanga. Geti liko kama mita 25 kutoka sebuleni, na katikati kuna kuta mbili za tofali za saruji. Masikio ya mama yamepungua nguvu. Mgeni anapiga hodi mpaka anachoka, anaondoka zake, na mimi kikazi niko Dodoma. Nahitaji mambo mawili: taa iwake ndani mama aione, na mimi nipate arifa kwenye simu.

Kusolda najua, na Arduino nimeichezea, ila mambo ya kutuma kitu intaneti ni mageni kwangu. Ninapima haya: bodi ndogo ya waifai ya D1 mini (chipu yake ni ESP8266) ikae getini itume ujumbe Telegram, ESP32-CAM, bodi yenye kamera, ili nione na sura ya mtu, Arduino Uno na SIM800L (moduli ya laini ya simu) itume SMS, au kengele ya dukani isiyo na waya. Sebuleni kuna ruta. Umeme hukatika. Mngekuwa nyie mngechukua ipi?

Nyaya254
Uno iondoe kwenye orodha. Ni bodi nzuri ya kujifunzia lakini haina waifai, kwa hiyo kila kitu utakiongezea pembeni.

SIM800L nayo ina masharti yake. Inataka volti 3.4 hadi 4.4, na inapozungumza na mnara huvuta mpaka ampea 2 kwa mkupuo. Ukiilisha kutoka pini ya bodi nyingine inajizima na kuwaka tena palepale unapotaka itume SMS, na watu wengi hudhani laini ndiyo mbovu. Inatumia 2G peke yake. Ningeiweka shambani au nyumba isiyo na intaneti kabisa. Wewe una ruta, ya nini kulipia SMS?

Imebaki ESP8266 dhidi ya ESP32. Kwa kitufe kimoja na taa moja ESP8266 inatosha, tena ni ya bei nafuu zaidi. Zote mbili hizi za kawaida hushika waifai ya 2.4 GHz tu, kwa hiyo hakikisha ruta ya mama haijafungiwa kwenye 5 GHz. Wasiwasi wangu ni zile kuta mbili.

binti_saketi
Mimi nina wasiwasi na betri. Bodi ikikaa getini utailisha na nini? Chipu ya ESP8266 ikilala usingizi mzito inakula kama maikroampea 20, na hiyo namba ndiyo inayowavutia watu. Bodi nzima ni hadithi nyingine: regyuleta (kirekebisha volti) na chipu ya USB vinaendelea kunywa betri hata chipu kuu ikiwa imelala. Halafu mgeni akibonyeza, bodi inaamka, inatafuta ruta, inaomba anwani, inafungua muunganisho salama na Telegram. Hapo sekunde kadhaa zimepita, mgeni hajui kama kengele imelia, anabonyeza tena.

Ukilazimika kukaa bila waya, tumia bodi mbili zinazoongea kwa ESP-NOW, njia ya bodi hizi kutumiana ujumbe moja kwa moja: moja getini, moja sebuleni. Haihitaji ruta, ujumbe mmoja unabeba hadi baiti 250, na unafika kabla mgeni hajaondoa kidole. Bodi ya sebuleni inawasha taa na ndiyo inayoongea na intaneti. Sharti ni kwamba zote mbili ziwe chaneli moja, na ile ya sebuleni inafuata chaneli ya ruta. Ifunge ruta kwenye chaneli moja, 1, 6 au 11, usiiache ijichagulie. La sivyo siku ruta ikihama, geti linakuwa bubu na hakuna atakayejua.

mzee_solda
Vijana, mita 25 ni waya. Mnamtafutia mama wa watu betri ya kuchaji getini kila baada ya muda, na nani atapanda kuichaji?

Kitufe kikae getini peke yake. Bodi ikae sebuleni karibu na ruta, pakavu, ambapo mwizi hafiki wala mvua haifiki. Tatizo la kuta limekwisha, la betri limekwisha, la usingizi mzito limekwisha.

Ila usiunganishe waya mrefu moja kwa moja kwenye pini ya bodi. Mita 25 za waya ni antena. Pampu ikiwashwa au radi ikipiga mbali, pini inasoma kwamba kengele imebonyezwa, na mama anatoka usiku kumfungulia mtu asiyekuwepo. Kwa mtu mzima hilo ni baya kuliko kengele isiyolia. Weka optokapla, kifaa kinachopitisha ishara kwa mwanga bila nyaya za pande mbili kugusana; PC817 inapatikana kila duka la vifaa vya elektroniki. Upande wa geti: adapta ya volti 12, rezista ya kiloomu 2.2, LED ya ndani ya optokapla, waya kwenda kwenye kitufe na kurudi. Mkondo utakuwa karibu miliampea 5. Upande wa bodi: mguu wa kolekta wa optokapla kwenye pini D5 ikiwa na rezista ya kiloomu 10 kwenda volti 3.3, na mguu wa emita kwenye graundi (upande hasi). Ndani ya programu, kubali mbonyezo pale tu pini inapobaki chini (karibu volti 0) kwa milisekunde 50 mfululizo.

Hizo miliampea 5 zina faida nyingine kwenu watu wa pwani. Chumvi ya hewani hula viungo vya kitufe na kuacha utando, na mkondo mdogo mno haupenyi ule utando. Kwa volti 3.3 kupitia kiloomu 10 unapata theluthi moja tu ya miliampea. Baada ya msimu mmoja wa mvua kitufe kitaanza kusuasua.

pwani_umeme
Shikamoo mzee, nashukuru sana. Sikuwa nimefikiria kabisa kuiacha bodi ndani. Je, pini lazima iwe D5? Na umeme ukikatika?

mzee_solda
Marahaba mwanangu. D1, D2, D5, D6 zote sawa. Kimbia D3, D4 na D8, kwa sababu chipu huzisoma inapowaka ili ijue ianzeje. Chukulia umetumia D3, umeme umerudi wakati mgeni ameshikilia kitufe. Bodi itaingia hali ya kupokea programu na itakaa hapo imenyamaza mpaka mtu aichomoe.

Umeme ukikatika, zile yupiesi (UPS, betri za akiba) ndogo za ruta huwa na tundu la volti 12 na la USB volti 5. Lisha ruta, bodi na waya wa geti kutoka humo. Graundi itakuwa moja, kwa hiyo kinga ya optokapla dhidi ya radi inapungua, lakini uchujaji wa makelele unabaki. Taa ya mama nayo iwe LED ya volti 12 kupitia mosfeti (swichi ya kielektroniki inayoamrishwa na bodi), usiguse umeme wa 230. Itawaka hata gizani.

kijiti_cha_risasi
Naona mnamzungusha. Kengele ya dukani ya 433 MHz, kuna zenye taa inayomulika kabisa, zimetengenezwa kwa watu wasiosikia vizuri. Mama atakuwa salama leo hii, si baada ya mradi kukamilika.

binti_saketi
Kwa upande wa mama uko sahihi, na ningemnunulia hiyo wakati mradi unaendelea. Lakini mtoto aliye Dodoma haimfikishii kitu. Na zile rahisi hutuma msimbo uleule kila mara, jirani akinunua ya aina hiyohiyo zinaweza kuitana.

Kuhusu ESP32-CAM: kamera yake, OV2640, ni ya megapikseli 2. Mchana utamtambua mtu, usiku utaona kivuli. Inataka volti 5 zilizotulia, zikishuka kidogo inajiwasha upya, na aina nyingi hazina tundu la USB, utahitaji adapta ya kuipakia programu. Isitoshe inabidi ikae getini, na umerudi kwenye matatizo yote ambayo mzee ameyamaliza. Fikiria pia inatazama wapi. Kamera inayorekodi mlango wa jirani inaleta ugomvi, na tangu 2022 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Anza bila kamera.

Nyaya254
Nakubaliana na waya. Basi nimalizie upande wa programu, maana hapo ndipo mama anaweza kuachwa gizani.

Mifano mingi ya mtandaoni ina kipande kinachosubiri waifai iunganike ndipo programu iendelee. Ruta ikizimika, bodi inasubiri milele na taa haiwaki, ingawa taa haihitaji intaneti hata chembe. Panga hivi: pini ikishuka, washa taa papo hapo, weka alama kwamba kuna arifa ya kutuma, kisha itume waifai ikiwepo. Kutuma Telegram kwenye ESP8266 huchukua sekunde kadhaa kwa sababu ya usimbaji, na muda huo programu imesimama, kwa hiyo taa lazima itangulie kila mara.

Telegram yenyewe ni rahisi: unaongea na BotFather, akaunti ya Telegram ya kutengenezea boti, unapewa tokeni (nywila ya boti yako), unatafuta namba ya gumzo lako. Usiibandike tokeni hapa ukiomba msaada! Lakini usiitegemee peke yake. Huku Kenya, Novemba 2023 na 2024 wakati wa mitihani ya KCSE (kumaliza sekondari), Telegram ilikuwa haipatikani. Weka njia ya pili kama ntfy, huduma ya arifa za simu, ambayo kuitumia ni ombi moja fupi la HTTP. Chagua jina la mada refu lisilobahatishika, kwa kuwa anayelijua anaweza kusoma arifa zako.

pwani_umeme
Nimeamua: waya, PC817, D1 mini sebuleni, LED ya volti 12, yupiesi ya ruta, na arifa kwa njia mbili. Wiki hii nampelekea mama kengele ya dukani aanze nayo. Swali la mwisho: waya gani? Kuna bomba la plastiki tayari linalopeleka umeme wa taa ya geti, nipitishe humohumo?

mzee_solda
Hapana, usipitishe humo. Ganda likichubuka, 230 inaingia kwenye kitufe anachoshika mgeni. Chimba bomba lake, liachane na lile la umeme. Waya wa mtandao wa nje, ule wa jozi nne, unafaa: tumia jozi moja iliyosokotwa, nyingine zibaki akiba, siku ukitaka swichi ya kujua geti limeachwa wazi hutachimba tena. Kitufe chagua cha IP65 (kisichoingiza vumbi wala maji ya mvua), na tundu la waya liingilie chini ya kiboksi, si juu.