Waliowahi kuingia majumba ya jiji ya Ulaya na kupanda minara yake, tupeane uzoefu

Wakuu, habari zenu. Wengi wetu tukifika miji ya Ulaya tunapiga picha ya jumba la jiji, yaani makao ya halmashauri ya jiji, tukiwa nje, safari imeisha. Walioingia ndani watusimulie. Naanza mimi.

Stockholm, Sweden. Jumba lao, Stadshuset, liko ukingoni mwa maji, lilifunguliwa 1923, matofali yake ni karibu milioni 8. Ndani huzunguki peke yako, lazima uwe na msafara wenye kiongozi. Ukumbi wa Bluu ndiko inakofanyika karamu ya tuzo za Nobel kila tarehe 10 Desemba, lakini kuta ni nyekundu tupu. Msanifu Ragnar Östberg alikusudia kuzipaka bluu. Alipoyaona matofali yamekwisha kupanda akaghairi. Sogea karibu uone yalivyogongwagongwa kwa patasi, tofali kwa tofali.

Mimi mtoto wa Unguja, na pale nilimwaza mwandishi wetu Abdulrazak Gurnah. Alishinda Nobel ya Fasihi 2021, mwaka wa Korona, karamu haikufanyika, nishani akakabidhiwa London. Iliniuma sana. Ile ngazi pana wageni wanayoishukia, natamani ningemwona akiishuka mwaka uleule.

Mnara una meta 106. Lifti inakuachia njiani, kisha ni miguu yako, kwenye njia nyembamba ya matofali inayozunguka hadi juu. Mji mkongwe wote unauona.

*

Asante mkuu kwa uzi huu. Mimi Prague, nilikwenda na wifi yangu. Saa iliyo kwenye mnara wa jumba la zamani ni ya mwaka 1410 na bado inafanya kazi. Saa kamili ikigonga, kiunzi cha mifupa kinavuta kamba, mitume wanapita madirishani, umati unanyoosha simu juu. Ikiisha tu, wote hao wanatawanyika.

Ndugu zangu, msitawanyike nao. Tazameni chini ya mnara: misalaba 27 myeupe imetiwa kwenye mawe ya uwanja, ya watu walionyongwa au kukatwa vichwa hapo Juni 1621. Wifi aliihesabu mmoja mmoja. Ubavuni mwa mnara kuna uwazi. Bawa moja la jumba liliungua Mei 1945, hawakulijenga tena. Wenye magoti mabovu wasiogope, lifti ipo.

*

Mimi Mkenya, niko Oslo. Jumba letu ni la matofali, minara miwili minene, na wengine huliona baya. Silikubali hilo hata kidogo. Ingieni ukumbi mkubwa, kuta zimejaa michoro toka chini hadi juu. Hapo ndipo Wangari Maathai, mpanda miti wetu, alipopokea Nobel ya Amani, tarehe 10 Desemba 2004, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Mama yangu amepanda miche maisha yake yote huko Nyeri. Alipokuja kunitembelea hapo ndipo nilipompeleka kwanza, kabla hata ya kumwonyesha bahari. Alisimama katikati ya ukumbi akaimba wimbo wa kikundi chao, watalii wakanyamaza.

*

Mkuu wa Stockholm, nakwenda Desemba. Tiketi ya msafara inaingiza na mnarani?

*

Hapana dada, mnara una tiketi yake, tena hufunguliwa miezi ya joto tu. Desemba utaona kumbi. Ukiweza, ahirisha hadi Juni.