Tupeane uzoefu: hesabu za mwisho wa mwaka zilikutoa jasho wapi?

Mwana Chumbageni:
Ndugu zangu, assalaam alaykum. Jana usiku nilipita barabara ya kumi na mbili, Ngamiani, hapa Tanga, nikaona taa za ofisi moja ya uhasibu zinawaka na vijana wawili wamelalia mafaili, nikajua tarehe 30 Juni imekaribia. Miezi sita ya kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato, kwa mamlaka ya mapato, TRA, huonekana mingi Januari, lakini wengi wetu tunajua inavyoyeyuka. Naomba kila aliyepitia kadhia hii aeleze hesabu zake zilikwama wapi: kwenye stoo, benki, kwa mkaguzi au kwa bosi.

Mzee wa Leja:
Juni ndiyo mwezi ambao mke wangu huwaambia wageni kwamba nimesafiri.

Bint Pongwe:
Mimi nafanya hesabu za wafanyabiashara wadogo na wenye malori, na adui yangu mkubwa ni karatasi ya mashine ya EFD, ile inayotoa risiti za kodi. Mteja huniletea mfuko wa rambo uliojaa risiti alizozirundika ndani ya gari tangu mwaka ulipoanza, na kwa joto letu hili, nikizimwaga mezani nakuta nusu yake ni karatasi nyeupe tupu, hazina jina la muuzaji, tarehe wala kiasi. Sheria inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano, na risiti yenyewe haimalizi hata mwaka. Matumizi yasiyo na uthibitisho hukataliwa, faida hupanda kwenye karatasi, kisha asilimia 30 ya kodi inatozwa juu ya faida ambayo mwenye mali hakuiona. Siku hizi simpokei mteja ambaye hapigi fotokopi ya kila risiti siku anayoipokea.

Kijana wa Mabawa:
Fotokopi ya nini, dada? Piga picha kwa simu, maisha yaendelee.

Bint Pongwe:
Simu hiyo ikichomolewa mfukoni sokoni Mgandini, mdogo wangu, usije kunililia.

Mkonge Mweupe:
Mmenikumbusha ghala. Miaka hiyo nilikuwa mhasibu msaidizi wa kampuni moja ya mkonge, mashamba yakiwa upande wa Muheza na ghala la kusafirishia likiwa hapa mjini, karibu na bandari. Mnajua uhesabuji wa stoo wa Desemba 31 ulivyo: joto, vumbi la singa, yaani nyuzi za mkonge, linalowasha shingoni, makuli wanaotaka kuwahi nyumbani, na meneja anayetazama saa. Mkaguzi wa nje tuliyeletewa alikuwa binti mdogo aliyevaa baibui na raba, na meneja aliponikonyeza nilielewa kwamba anatarajia kazi iishe kabla ya adhuhuri. Tukahesabu marobota 480, ya kilo 250 kila moja, na kadi ya stoo nayo ikasema 480. Sinia la chai na sambusa likaingia.

Binti hakuketi. Aliomba ngazi, akapanda hadi safu ya juu, akaanza kusoma alama zilizopigwa kwa rangi ubavuni mwa marobota, madaraja ya mkonge, 3L huku, UG kule, kisha akauliza kwa nini kundi lililo karibu na mlango lina alama ya mnunuzi wa nje ilhali mengine hayana. Akashuka, akaomba kitabu cha ankara za wiki ya mwisho. Humo kulikuwa na ankara ya Desemba 29 ya marobota 160, tani 40 kamili, ambayo ilikwisha kuingizwa kwenye mauzo na kwenye orodha ya wadaiwa, na mkonge wenyewe upo mbele yetu, tumeuhesabu kuwa wetu. Meneja akasema kwamba meli imechelewa tu, biashara ilikwisha zamani. Binti akajibu kwa adabu kabisa: "Mzee wangu, kama umeuzwa, tuutoe kwenye stoo, kama ni wetu, tuutoe kwenye mauzo. Nichagulie." Meneja alipandisha sauti, akasema hawezi kufundishwa biashara na mtoto, akaamuru sinia lirudishwe lilikotoka. Sambusa zikaondoka nikiziona. Ndipo mtunza ghala, mzee mmoja wa Kidigo aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akasema: "Yakiungua usiku huu, bima itakayolipa ni yetu."

Naishia hapa kwa sasa, adhana ya magharibi imelia.

Mwana Chumbageni:
Haiwezekani, mjomba. Ukitoka msikitini urudi.

Kijana wa Mabawa:
Kwa maoni yangu, meneja alionewa. Ankara ikishatoka, mauzo yamefanyika. TRA wenyewe wanahesabu VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kuanzia tarehe ya ankara, hawaulizi meli iko wapi.

Fundi Mizania:
Kijana, unachanganya mambo mawili. VAT ina sheria yake ya kuamua ni lini kodi inahesabiwa, na mkonge unaokwenda nje unatozwa asilimia sifuri hata hivyo. Taarifa za fedha zinaandaliwa kwa viwango vya kimataifa vya hesabu, IFRS, ambavyo nchi hii inavitumia tangu 2004. Kiwango cha zamani cha mapato kiliuliza hatari na manufaa ya mali yamehamia kwa nani. IFRS 15, iliyoanza kutumika Januari 1, 2018, inauliza udhibiti umehamia kwa nani. Ikiwa mauziano yalikuwa ya FOB Tanga, yaani ya kukabidhi mzigo melini bandarini Tanga, muuzaji anabeba hatari mpaka mzigo upakiwe melini, kwa hiyo kwa vyovyote vile mauzo yale hayakuwa ya Desemba. Marobota 480 yalikuwa sahihi. Ankara ndiyo iliyotangulia.

Kijana wa Mabawa:
Na kama mnunuzi mwenyewe aliomba atunziwe mzigo?

Fundi Mizania:
Hilo lina masharti yake, na si mepesi: liwe ombi la mnunuzi kwa sababu ya maana, mzigo utengwe na utambulike kuwa wake, uwe tayari kuondoka, na wewe usiweze kumuuzia mtu mwingine. Alama ya rangi peke yake haitoshi.

Kijana wa Mabawa:
Wahasibu mnapenda kukwamisha biashara za watu.

Mzee wa Leja:
Acheni kugombania robota, shambani ndiko kuna kazi. Nyinyi mlioanza juzi hamkuonja kupima thamani ya haki, yaani bei ya sokoni, ya mikonge iliyosimama ardhini: mmoja anakisia bei ya singa, mwingine anakisia majani yatakayokatwa, na faida ya mwaka mzima inapanda au inashuka kwa makisio ambayo hakuna aliyeyaona kwa macho. Tangu Januari 1, 2016, mimea inayovunwa mwaka hadi mwaka imehamishiwa kwenye IAS 16, kiwango cha majengo na mitambo, kwa hiyo shamba la mkonge sasa linaweza kuandikwa kwa gharama zake na kukatwa uchakavu kama mtambo, kuanzia linapofikia kukatwa mpaka linapotoa milingoti ya maua. Mazao yaliyo juu ya mmea bado yamebaki IAS 41, kiwango cha kilimo, na hapo mkaguzi atakutoa jasho lilelile la zamani.

Bint Pongwe:
Shikamoo mzee. Hili nilikuwa silijui vizuri.

Bi Raskazone:
Mimi sikuwa mhasibu, nilikuwa naandaa ripoti ya mwaka kwenda kupigwa chapa. Mwenyekiti wa bodi alileta salamu zake mapema, jambo tulilolishukuru sana, akiisifu faida iliyopanda. Baadaye wakaguzi wakaleta marekebisho yao, na faida ile ikawa hasara ndogo kwenye kurasa za nyuma, huku picha ya mwenyekiti ikiendelea kutabasamu kwenye ukurasa wa pili. Nilibahatika kuziona karatasi zote mbili kwa pamoja kabla mashine haijawashwa. Ushauri wangu ni kwamba salamu za mwenyekiti ziandikwe mwisho, hata kama yeye anataka kuziandika mwanzo.

Mwana Chumbageni:
Nami naongeza: mkurugenzi asiruhusiwe kusafiri mwezi Juni. Fichueni mipango yake ya Umra mapema, la sivyo saini yake mtaifuata Makka.

Kijana wa Mabawa:
Dawa ni kufunga vitabu Desemba 15.

Bint Pongwe:
Funga, kisha Februari wauzaji wakuletee ankara za Desemba ambazo hukuziwekea akiba. Vitabu vifungwe kwa kuchelewa, ila usuluhisho wa benki, yaani kulinganisha vitabu vyako na taarifa ya benki, ufanywe kila mwezi.

Fundi Mizania:
Kuna ukurasa mmoja ambao watu hawautaji: tamko la mkuu wa fedha, ambalo bodi ya wahasibu na wakaguzi, NBAA, inataka liambatane na taarifa za fedha. Bodi inasaini yake, mkaguzi anasaini yake, lakini tamko lile unalisaini peke yako, pamoja na namba yako ya uanachama. Bosi mmoja aliwahi kunitaka niandae hesabu mbili, ya benki yenye faida nono na ya TRA iliyokonda. Nilimwambia nitakayoisaini ni moja, na nikamweleza ni ipi. Kazi niliipoteza, namba ninayo.

Bint Pongwe:
Allah akuzidishie, kaka.

Kijana wa Mabawa:
Hapo sina ubishi. Lakini Mkonge Mweupe yuko wapi?

Mkonge Mweupe:
Nimerudi. Meneja alikataa kurekebisha, akasema mkaguzi aandike anachotaka. Mkaguzi akaandika kwamba tani 40 zimeingia mara mbili, kwenye mauzo na kwenye stoo, na kwamba zisiporekebishwa hati ya ukaguzi itakuwa yenye mashaka. Benki iliyokuwa inatukopesha ilitaka hati safi, kwa hiyo barua ile ilipofika kwa bodi haikulala. Tulifuta mauzo na deni, mkonge ukabaki stoo kwa gharama zake, na ankara mpya ikatoka Januari meli ilipopakia. Faida ya mwaka ilipungua, na hapo ndipo wengi tulipojua kwamba bonasi ya meneja ilikuwa ikipimwa kwa mauzo ya mpaka Desemba 31. Mwaka uliofuata alirudi binti yuleyule; safari hii meneja aliagiza wali wa nazi na changu, naye akasema atakula akimaliza, akaomba ngazi.

Mzee wa Leja:
Na bonasi ilirudishwa?

Mkonge Mweupe:
Alikatwa kwenye mshahara, kidogo kidogo, na vocha za makato nilikuwa nikiziandaa mimi.