Mjadala: Mtengenezaji ana haki ya kumpangia mwenye duka bei?

Fundi wa Ndeeba (mwenye mada)
Wakubwa shikamooni, vijana hamjambo. Mimi nachonga bao la omweso na kutengeneza ludo za kioo hapa Ndeeba, Kampala. Ludo ya fremu naitoa jumla kwa shilingi 28,000, maduka huiuza 45,000. Mwezi uliopita duka moja la katikati ya jiji limeiweka 31,000. Haikupita wiki mbili, wenye maduka watatu wakanipigia, na mmoja akanirudishia ludo sita: "Fundi, wateja wananiona mwizi." Nauliza hivi: nibandike bei nyuma ya ubao, kama gazeti linavyokuwa na bei yake mbele, na atakayeshusha nimkatie mzigo? Au mali ikishatoka karakana si yangu tena?

Dada wa duka, Ntinda
Mkatie, tena leo. Mimi ninauza michezo ya mezani ya nje na ya hapa, na nina meza mbili za watu kujaribu. Sanduku la kufundishia la Catan, mchezo wa kubadilishana mali kwa kadi, kadi zake zimelegea kama noti kuukuu. Jumamosi moja walikuja vijana wanne, nikakaa nao saa mbili nikiwaonyesha kondoo anavyobadilishwa na tofali. Wakashukuru, wakapiga sanduku picha, wakaaga. Jumatano mmoja akarudi kuniuliza kanuni aliyoisahau. Sanduku alikuwa ameshalinunua kwa mtu anayeuzia chumbani kwake, pungufu ya bei yangu kwa 40,000! Kanuni nilimweleza. Ningefanyaje?

Wenzetu wa nje waliliona hili. Games Workshop, kampuni ya michezo ya Uingereza, mwaka 2013 iliyazuia maduka ya Amerika Kaskazini kuuza bidhaa zake kupitia kikapu cha mtandaoni. Asmodee nayo, kampuni ya michezo ya Ufaransa, kuanzia Aprili 2016 ikatenga wauzaji wake kule Marekani: duka la kumhudumia mteja ana kwa ana lina masharti yake, muuzaji wa mtandaoni yake.

Mwalimu, Mukono
Pole dada, lakini mimi nipo upande wa pili. Klabu yetu shuleni ina watoto arobaini na ludo mbili. Ya tatu nimeipata kwa sababu ya hiyo hiyo 31,000. Mkishapanga bei huko juu, ada ya klabu ndiyo itakayopanda. Halafu Fundi, huyo wa mjini si amekulipa 28,000 zako kamili?

Fundi wa Ndeeba
Amelipa, tena taslimu. Niseme ukweli, ni yeye peke yake asiyechukua mali kauli. Wengine wote nawafuata mwisho wa mwezi na daftari mkononi.

Mwalimu, Mukono
Banange! Kwa hiyo unataka kumfukuza anayekulipa ili uwalinde wanaokukopa?

Mwanafunzi wa sheria
Tutenganishe mambo mawili, maana hapa yanachanganywa. Kuna bei elekezi, ambayo ni ushauri tu. Na kuna bei ya lazima, ukiivunja unaadhibiwa. Marekani hiyo ya pili ilikuwa haramu moja kwa moja tangu kesi ya Dr. Miles ya 1911. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu yao, majaji 5 kwa 4, ikaigeuza katika kesi ya Leegin, kampuni ya bidhaa za ngozi: duka moja la Texas lilipunguza bei ya bidhaa za Leegin kwa asilimia 20, likakatiwa mzigo. Tangu hapo, kwa sheria ya shirikisho, kila kesi hupimwa kwa madhara na manufaa yake. Na hoja iliyotumika ni ya dada wa Ntinda kabisa: anayefundisha hubeba gharama, asiyefundisha huvuna. Umoja wa Ulaya kwa kawaida bado wanaikataa bei ya lazima. Sisi Uganda tuna Sheria ya Ushindani ya 2023, inayogusa makubaliano yanayobana ushindani. Fundi mmoja hatikisi soko, lakini ukikaa na maduka yako matatu mkakubaliana bei ya kumkomesha wa nne, hapo ninyi wenyewe mmeshatengeneza ushahidi.

Muuza kwa simu
Mimi ndiye mnayemsema, au ndugu yangu. Sina kodi ya duka, nina boda na bando. Mchezo wa dola 50 huko Marekani, duka kwa kawaida hulipa karibu nusu. Hiyo nusu ya pili ni ya kodi, taa, meza na mhudumu. Mimi sina hivyo vyote, kwa nini nimtoze mteja? Na mkisema nisitangaze chini ya bei fulani, status yangu ni tangazo au ni mazungumzo na marafiki?

Dada wa duka, Ntinda
Marafiki zako umewapata mezani kwangu, kaka.

Fundi wa Ndeeba
Nimesoma yote. Mwanafunzi amenitia hofu kidogo na Mwalimu amenitia aibu, zote nimezipokea. Bei nyuma ya ubao naiacha. Ninachokiona ni kwamba dada anafanya kazi yangu bila malipo: anafundisha omweso watu ambao hawajawahi kushika kete, vishimo 32, kete 64, na mtu akikosea kuzipanga anaanza upya naye. Kazi hiyo niilipe mimi, si mteja wa Mukono. Basi: duka lenye meza litapata ludo kwa 25,000, na ubao mmoja wa kuchezea bure, nitaubadilisha ukichakaa. Wengine wote 28,000, na kila mtu auze atakavyo.

Dada wa duka, Ntinda
Wa mjini akibaki 31,000 nami nikimfuata, nimebaki na 6,000. Hiyo hailipi taa, Fundi.

Fundi wa Ndeeba
Usimfuate, uza 38,000. Anayetaka kufundishwa atakuja kwako.

Dada wa duka, Ntinda
Atakuja, atafundishwa, ataondoka. Tumerudi palepale. Lakini ubao wa bure nautaka. Na mali kauli je?

Fundi wa Ndeeba
Wiki mbili. Si mwezi tena.

Dada wa duka, Ntinda
Wiki tatu.