Ramu iliyozeeka: kavukavu au kwenye kokteli? Appleton 12 na Zacapa 23

Toti_Moja
Wakuu, shemeji karudi safari na chupa mbili: Appleton Estate 12 ya Jamaika na Zacapa 23 ya Guatemala. Jana nilizionja kavukavu, bila barafu wala maji. Zacapa ilishuka kama asali: vanila, zabibu kavu, kahawa kwa mbali. Appleton ina ganda la chungwa na harufu ya mbao, halafu inakwaruza koo kidogo. Kwangu Zacapa ikashinda.

Leo nimezitia kwenye kokteli ya daikiri, kila glasi ramu mililita 60, ndimu 25, shira 20. Mambo yakageuka! Zacapa imekuwa juisi ya watoto, ramu yenyewe huioni. Appleton unaisikia mpaka tone la mwisho. Kwa nini?

Mpwani_Asiyelala
Kwanza usitishwe na hiyo 23. Kwenye Appleton, 12 ni umri wa ramu changa kuliko zote zilizomo. Zacapa ni mchanganyiko wa ramu za miaka 6 hadi 23. Namba hizo hazilingani hata kidogo.

Karani_wa_Miwa
Jibu ni sukari, mkuu. Jamaika hairuhusu ramu yao kuongezwa utamu. Kwingine ruksa; Umoja wa Ulaya wenyewe unakubali hadi gramu 20 kwa lita. Zacapa ina utamu wa kuongezwa, ndiyo maana kavukavu inateleza hata kwa asiyezoea. Wewe ukaimwagia shira nyingine juu. Rudia kwa shira 10.

Bibi_Ndimu
Au usiitie shira kabisa. Zacapa, matone mawili ya Angostura (kiungo kichungu cha kokteli), barafu moja kubwa, kisha kamulia ganda la chungwa juu ya glasi ili mafuta yake yaruke. Koroga, usitikise. Daikiri waachie ramu kavu, zisizoongezwa utamu.

Mzee_Kijiko
Nyie mnaniumiza roho. Kwa joto la Jamaika pipa la kuzeeshea hupoteza kama asilimia 6 ya ramu kwa mvuke kila mwaka, wakati kwenye wiski ya Scotland ni 2 hivi. Piga hesabu: baada ya miaka 12 pipa limebaki nusu. Mtu kavumilia yote hayo, wewe unakuja na ndimu! Ramu hiyo ni ya kunywa polepole, na tone la maji ukitaka harufu ifunguke. Basi.

Bibi_Ndimu
Shikamoo mzee. Mai Tai, kokteli ya Trader Vic mwenye baa kule Oakland, Marekani, 1944, ilitengenezwa kwa Wray & Nephew, ramu ya Jamaika ya miaka 17. Na ndimu ndani. Naye aliharibu?

Mzee_Kijiko
Marahaba. Aliharibu, na ramu ikamwishia. Ilibidi atafute nyingine.

Karani_wa_Miwa
😂 Mzee hashindwi.

Toti_Moja
Nimerudia kwa shira 10. Zacapa imetulia kidogo, lakini ndimu bado inaizidi nguvu. Ile ya Bibi Ndimu ndiyo imenikamata, mke wangu kaninyang'anya glasi. Mzee, tone la maji kwenye Appleton nimejaribu pia: ule mkwaruzo umepungua, chungwa limepanda. Sasa imebaki robo chupa na shemeji anakuja Jumapili.

Mzee_Kijiko
Ficha ndimu.