Mashua ya babu Mikindani: mbao kwa mbao, faiba, au kuunda upya?

Mjukuu_wa_Nahodha

Habari za jioni wadau. Wazee wa humu, shikamooni.

Nina jambo linaninyima usingizi. Marehemu babu yangu ameacha mashua pale Mikindani, imepandishwa nchi kavu chini ya mti wa mkungu, mwaka wa saba huu haijaonja maji. Ina dhiraa 22 (dhiraa moja ni kama nusu mita), tezi (sehemu ya nyuma) bapa, mlingoti mmoja. Hadi anafariki hakukubali iuzwe wala ipasuliwe kuni. Alikuwa akibeba nazi, chumvi na ng'onda (samaki wakavu) kwenda Lindi na Kilwa, akirudi na boriti za Rufiji, enzi zile masika ikiingia barabara ya kusini inakatika na watu wa huku tunabaki na bahari tu. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, mizigo ikahamia kwenye malori. Mashua ikawa ya kuvulia, kisha ikakaa.

Sasa familia imenikabidhi mimi. Nimeulizia nikaambiwa kuna njia tatu. Kuna wanaosema nitafute fundi abadilishe mbao zilizooza moja moja. Wengine wanasema niifunike yote kwa faiba nimalize. Na kuna ndugu yangu mmoja anashauri niache kupoteza fedha, nichukue vipimo vyake niunde mpya. Nia yangu ni iingie baharini tena, ivue kidogo na ipeleke watu Msimbati siku za sikukuu.

Halafu nataka kujua ilikotoka. Babu alikuwa akisema imeundwa Lindi kabla ya uhuru. Shangazi anashikilia kuwa ilinunuliwa Mafia. Karatasi hakuna hata moja.

Faiba_Imara

Pole kwa msiba, mkuu. Mimi ningekwenda faiba moja kwa moja. Nina boti ya faiba Shangani, mwaka wa sita huu sijakalafati (kuziba nafasi za mbao kwa pamba) wala sijachoma makuti. Ikigonga mwamba unaziba siku hiyohiyo, jioni unaingia kazini. Wavuvi wengi wanahamia huko na serikali yenyewe imekuwa ikikopesha boti za faiba. Mbao nzuri siku hizi bei haishikiki, na mafundi wa kuzichonga wanapungua kila mwaka. Uzuri wa mbao nauona, lakini chombo kinachokula muda wako ufukweni hakikulishi.

Mwana_Sudi

Mkuu Faiba_Imara, boti yako ilizaliwa faiba. Hilo ni jambo tofauti kabisa na kuvisha faiba mbao kuukuu. Niliwahi kufanya hivyo kwa dau la baba yangu, na bado linaniuma.

Nililipeleka kwenye karakana moja, siitaji jina. Wakaliparura, wakalipiga msasa, wakalivisha nje tabaka mbili. Siku ya kulishusha liling'aa, kijiji kizima kikaja kutazama. Masika mbili hazikupita nikaona uvimbe ubavuni, karibu na mkuku (uti wa chini wa chombo). Nikabonyeza kwa dole gumba, ganda likazama na maji meusi yakatoka. Tulipolibandua, mbao ya ndani ilikuwa kama mkate uliolowekwa kwenye chai, unaichota kwa vidole. Misumari ilikuwa imebaki inaning'inia kwenye ganda la faiba, haishiki kitu.

Nilichojifunza kwa hasara ni kwamba mbao za chombo chetu zinakunywa maji na kuyatoa, zinavimba na kusinyaa. Faiba haivimbi. Mvua ikiingia kwa juu inakwama katikati, haina pa kutokea. Na mbao iliyopakwa sifa (mafuta ya papa) miaka nenda rudi haishikamani na ile gundi hata uisugue vipi. Kama mbao haijakauka kweli na haina mafuta, usithubutu.

Fundi_Tezo

Marahaba mwanangu Mjukuu. Mungu amrehemu babu yako. Mimi niko Kilwa Kivinje, tezo ya kuchongea vyombo nimeishika tangu ujana.

Watu wengi huanza na fedha waliyonayo, ndipo waende kukitazama chombo. Wewe anza na chombo. Chukua kisu chenye ncha nyembamba na nyundo ndogo. Ingia ndani, ondoa mchanga na majani yaliyojaa kwenye ngama (chini kabisa ndani ya chombo), kisha gonga taruma (mbavu za ndani) moja moja kuanzia omo, yaani mbele, hadi tezi. Lililo zima linatoa sauti kavu na nyundo inaruka mkononi. Lililooza linameza sauti. Penye shaka chomeka kisu. Kikizama nusu kidole bila kusukumwa, hapo pamekwisha.

Kazana na sehemu za juu, kwenye vichwa vya mataruma na chini ya sitaha ya tezi. Watu hudhani bahari ndiyo inayoozesha. Maji ya chumvi yanaihifadhi mbao. Inayoozesha ni mvua, maji baridi yanayotuama pembeni penye kivuli. Ndiyo maana wazee walikuwa wakirashia maji ya bahari ndani ya chombo kilichopandishwa, na wengine wakimwaga chumvi kwenye maungio. Leo hii, kabla ya lolote, jenga kibanda cha makuti juu ya hiyo mashua. Mkungu peke yake unaangusha majani, majani yanashika maji.

Chini ya mstari wa maji adui ni yule mtobozi. Wengi wanamwita mnyoo, lakini ni wa jamii ya chaza, ana magamba mawili madogo kichwani anayosagia mbao. Nje anaacha tundu la ncha ya sindano, ndani anachimba njia inayopitisha kidole. Huyo ndiye tuliyekuwa tukimchomea makuti makavu chini ya chombo, kisha tunapaka deheni ya shahamu na chokaa. Kwa miaka saba nchi kavu hayupo aliye hai, lakini njia zake zipo. Kwa hiyo usiridhike na uso wa ubao, gonga.

Mkuku ukiwa mzima, na mataruma mabovu hayafiki nusu, fuata njia ya mbao kwa mbao. Usivue mbao zote kwa pamoja, mashua itajifungua na umbo litapotea, hutalipata tena. Unatoa mbili tatu upande huu, unarudisha, unahamia upande wa pili. Ubavuni weka mvule ukiupata. La sivyo mninga au mkongo, na mikoa yetu hii inayo. Mwembe uko karibu na ni rahisi, lakini utaurudia baada ya muda mfupi. Taruma halichongwi kwenye ubao ulionyooka, maana ukikata mpindo nyuzi za mti zinakatika na litapasuka palepale. Unatafuta tawi lililopinda lenyewe, la mtondoo au mkomafi, unatembea na kigezo chako mkononi hadi ulione. Mkomafi ni wa mikokoni, na mikoko ni msitu wa hifadhi, usiguse bila kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu). Mbao nazo nunua zenye nyaraka, usije ukakamatiwa njiani.

Faiba_Imara

Mwana_Sudi, nimekuelewa, na pole. Narekebisha ushauri wangu: faiba ni kwa chombo kilichoundwa nayo tangu mwanzo. Fundi, naomba kuuliza. Ile mafuta ya ganda la korosho inasaidia? Nasikia wavuvi wa India wanaipaka kwenye boti zao za mbao, na sisi maganda tunayo milima kwa milima.

Fundi_Tezo

Inasaidia, wadudu hawaipendi. Ila ni kali, inaunguza ngozi na kuacha malengelenge. Vaa glavu, funika macho, na usipake sehemu ambazo watu watakaa au samaki watalazwa. Ubao uwe mkavu ili inyonywe.

Nimesahau la misumari. Tumia iliyopakwa zinki. Toboa kwanza kwa keekee, tundu liwe jembamba kuliko msumari, zungushia pamba yenye mafuta ya nazi chini ya kichwa chake, ndipo upige. Kichwa kinapozama kinaibana ile pamba na maji hayana njia. Ukiona fundi anapigilia bila kutoboa wala pamba, msimamishe kwa heshima umlipe siku yake aende.

Bado_Nasoma_Vyombo

Salaam kutoka Unguja. Niongeze kuhusu historia, na kuhusu njia ya tatu ambayo naona mmeiruka.

Kuna chombo kimoja cha pwani yetu kilichopotea chote: mtepe, ule uliounganishwa kwa kushonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, wenye tanga la mkeka. Vyombo vya kushonwa vilitajwa kwenye pwani hii na mabaharia wa Kiyunani karibu miaka 2,000 iliyopita. Pamoja na umri wote huo, karne ya ishirini ikaumaliza. Walipotaka kuuonyesha hapa Beit el Ajaib ilibidi waunde mwingine upya, kwa kufuata mifano midogo na picha, kwa sababu hapakuwa na wa kale uliosalia wa kupima. Kwa hiyo chukua vipimo kwa hali yoyote, hata ukiamua kuikarabati. Vuta uzi kutoka omo hadi tezi katikati, ufunge ukaze. Kila dhiraa moja pima upana kutoka kwenye uzi hadi ubavuni, na kina hadi kwenye mkuku. Andika kwenye daftari, piga picha kila taruma likiwa na namba. Mafundi wetu wanaunda kwa jicho, hawana mchoro. Fundi akiondoka ameondoka na mchoro wake.

Kuhusu ilikotoka, iulize mashua yenyewe. Msumari uliofuliwa na mhunzi una pande nne na kichwa kisicho sawa. Wa kiwandani ni wa mviringo, vichwa vyote vinafanana. Ukikuta aina mbili tofauti, unaangalia matengenezo ya nyakati mbili. Ubao wa mti mmoja katikati ya mbao za mti mwingine ni kiraka. Paruua rangi polepole kwenye sehemu ndogo, uhesabu tabaka. Jina la zamani mara nyingi limechongwa tezi, au kwenye boriti inayoshika mlingoti, na wanaonunua hupaka rangi juu bila kulifuta. Karatasi ukitaka kujaribu, Nyaraka za Taifa ziko Dar es Salaam, na kwetu huku ziko Kilimani. Lakini nenda na jina la chombo, vinginevyo utazama kwenye mafaili.

Bi_Mikindani

Mwanangu, hiyo mashua iliyo chini ya mkungu naijua. Nilikuwa msichana mdogo, babu yako alipoileta tulishuka ufukweni kutazama. Haikuundwa Lindi. Alikuja nayo kaskazi ikiwa inaanza kutulia, na mabaharia wawili wageni waliokaa kwetu wakingoja kusi iwageuzie safari. Walisema "chombo chetu" kwa masikitiko, kama watu walioozesha binti. Shangazi yako ana haki. Ila Lindi nayo ina sehemu yake, maana baadaye ilipasuka ubavu kwenye mwamba ikapelekwa huko ikakaa muda mrefu kwa mafundi. Huenda babu yako aliihesabu imezaliwa upya pale.

Na waulize wazee wa Msanga Mkuu waliopanda naye. Waulize mwezi huu, usiseme mwakani.

Mjukuu_wa_Nahodha

Shikamoo Bibi. Nimesoma nikalia, sikujua kama yupo mtu anayekumbuka siku hiyo.

Wakuu, natoa taarifa. Kibanda cha makuti kimesimama tangu Jumamosi. Jana tumeshinda ndani ya mashua na binamu yangu, tumegonga kila taruma. Yako 26, mabovu 9, karibu yote upande wa kushoto kuelekea tezi, pale paliponyeshewa. Mkuku mzima, isipokuwa mwisho wake wa nyuma kisu kimeingia kidogo. Na mkuku una ungio, kipande cha nyuma ni mti mwekundu zaidi. Ubavu wa kulia kuna mbao nne zenye misumari ya mviringo, kwingine kote ni ya pande nne. Nadhani huo ndio mwamba anaousema Bibi.

Kwenye boriti ya mlingoti nimeparua rangi kwa kipande cha kioo, polepole. Kuna buluu, chini yake nyeupe, chini yake kijani, halafu mti. Zimetokea herufi za Kiarabu, zimechongwa kwa patasi. Sijui kuzisoma. Binamu amepiga picha, kesho tunampelekea maalimu. Vipimo tumeanza, tumefika dhiraa ya tisa.

Nimeamua mbao kwa mbao. Fundi, nije Kivinje kukuona au kuna namna nyingine? Na je, nianze kukalafati sehemu zilizo nzima wakati nasubiri?

Fundi_Tezo

Usikalafati! Mbao zimekaa miaka saba zimesinyaa, nafasi unazoziona zitajifunga zenyewe zikinywa maji. Ukizijaza pamba sasa hivi, zitavimba zikose pa kwenda, zitang'oa misumari na kupasua mataruma mazima. Lowesha magunia kwa maji ya bahari, yalaze kwenye mbavu ndani na nje, asubuhi na jioni. Tutabadilisha vibovu, tutaipeleka kwenye maji ya kina kifupi izame nusu inywe, kisha tuitoe. Nafasi itakayobaki ndiyo ya pamba.

Huo mwisho wa mkuku nataka kuuona kwa macho yangu. Usije wewe, nakuja mimi. Nikifika tutaikagua hadi chini kwa nafasi. Tafuta vijana sita wa kuilaza ubavu, na magogo ya minazi ya kuiegemezea. Na hiyo boriti yenye maandishi msiiparue zaidi.

Bi_Mikindani

Fundi, ukifika usilale gesti. Nyumba ipo.