Lugalo ya Iringa (siyo hospitali) tunaitunzaje kabla haijaisha?

Mnyalu wa Mbagala
Wakuu kamwene. Juzi nilikuwa natoka Dar kwenda Iringa na kijana wangu wa darasa la sita, tumeshapita Ilula namwambia hapa mbele ndo Lugalo, akanijibu baba Lugalo si ile hospitali ya jeshi kule Mwenge? Nikacheka ila iliniuma, maana hiyo hospitali na kambi yake jina wamelitoa huku huku. Hapa ndo 17 Agosti 1891 Wahehe wa chifu Mkwawa walimvizia Zelewski, kamanda wa jeshi la Wajerumani, yule waliyemwita Nyundo, wakammaliza yeye na Wazungu wengine na mamia ya askari wake, na vita yenyewe haikufika hata nusu saa. Tukashuka tuone. Kuna mnara, basi. Na mnara wenyewe waliujenga Wajerumani kukumbuka wafu wao, yaani walioshinda hawana hata jiwe. Sasa mimi sina cheo wala hela, mtu kama mimi anaanzia wapi ili hapa mahali pasipotee?

Karani Mstaafu
Mkuu anza kwa kujua sheria imekaaje. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo na vitu vya kabla ya 1863, vya baadaye kwa kawaida mpaka waziri atangaze. Lugalo ni 1891, umeona hapo? Kwa hiyo usikae ukadhani kwa kuwa ni historia basi inalindwa yenyewe. Kusubiri tangazo utazeeka. Nenda kijijini. Kijiji kina mamlaka na ardhi yake tangu ile Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, wakiwa wanapanga matumizi bora ya ardhi wanaweza kutenga eneo na kuliwekea sheria ndogo, ila lazima lipite mkutano mkuu wa kijiji, na pale utakutana na mwenye shamba anauliza mimi nitalima wapi. Ana haki ya kuuliza.

Dada wa Kihesa
Naongezea hapo. Shida watu wanadhani uwanja wa vita ni pale kwenye mnara. Fikirini, ule ulikuwa msafara, watu wanatembea mstari mmoja kwenye njia nyembamba, wapagazi, punda, mizinga imefungwa, bunduki zenyewe inasemekana nyingi hazikuwa na risasi ndani, Wahehe wamejificha vichakani na kwenye mawe wanashuka na mikuki. Wa nyuma kabisa ndo waliopona wakarudi pwani. Kwa hiyo eneo ni refu, na ukizungushia fensi mnara peke yake utakuwa umetunza kaburi la Nyundo tu. Tafuteni wazee mtembee nao kwa miguu, waseme huku walijificha wapi, kile kilima kinaitwaje kwa Kihehe, mrekodi kwa simu hapo hapo mkiwa mmesimama. Mzee ukimhoji sebuleni anakupa hadithi ya shuleni.

boda wa Ipogolo
Dada uko sahihi ila ramani zenu msizimwage mtandaoni jamani. Watafuta rupia, zile hela za zamani za Mjerumani, mnawajua? Wakisikia "Mjerumani" tu wanakuja usiku na majembe na mganga wao, wanachimba mpaka makaburi, hawapati kitu ila wanaacha mashimo. Na hiyo risasi au kipande cha chuma ukikiokota ukaweka mfukoni kishapoteza maana, maana kilikuwa kinasema hapa mtu alisimama. Acha hapo hapo, piga picha, waambie watu wa Makumbusho ya Boma pale mjini.

Mnyalu wa Mbagala
Asanteni sana, hilo la rupia sikuliwaza kabisa na kweli kulikuwa na shimo pembeni nikadhani la panya buku.

Karani Mstaafu
Panya hatumii sululu mkuu 😂

Dada wa Kihesa
Kingine, wageni wote wanapelekwa Kalenga kuona fuvu la Mkwawa lililorudishwa 1954, ni upande wa pili wa mji kabisa. Anayeongoza wageni Kalenga akiwaambia kesho twende Lugalo, na kijana wa kijijini akawatembeza kwa malipo, yule mwenye shamba naye ataona faida. Mkutano wa kijiji utakuwa mwepesi.

Mnyalu wa Mbagala
Shule zikifunga narudi na kijana. Kuna mzee wa upande wa mama yuko huko huko, anaongea Kihehe tu, dogo haelewi hata neno. Nani anaweza kuja kutafsiri? Nauli ya kutoka mjini natoa mimi.

boda wa Ipogolo
Nipo. Nauli weka ya mafuta tu.