Mkuu anataka majalada yateketezwe baada ya kuskaniwa: tumjibuje?

Masjala Kizota aliuliza:

Habari za kazi, ndugu wanataaluma. Mimi ni afisa kumbukumbu katika taasisi moja ya umma hapa Dodoma, miongoni mwa zile zilizohama Dar es Salaam baada ya tangazo la Julai 2016. Majalada yetu yalipakiwa kwenye malori kwa haraka, na mengi yalishushwa katika ghala la kupanga huku Kizota, ambako yamo hadi leo ndani ya maboksi yaliyoandikwa "Utawala 1", "Utawala 2" na mengine "Mchanganyiko". Nakiri kwamba hayo ya mwisho ndiyo mengi. Sasa tumepata skana mbili, na uongozi umeagiza kila karatasi iskaniwe, kisha zote ziteketezwe ili ghala lirudishwe kwa mwenyewe, kwa kuwa kodi yake ni mzigo.

Jambo la pili linanisumbua zaidi. Wakati tunahangaika na karatasi za zamani, kumbukumbu za leo hazifiki masjala kabisa. Hivi karibuni niliombwa jalada la ukarabati wa jengo, na barua ya mwisho niliyoikuta ilikuwa folio 41, yaani waraka wa 41 jaladani, ya miezi saba nyuma, ilhali mkandarasi ameshalipwa mara mbili tangu wakati huo. Nilipofuatilia nikaambiwa kwamba maelekezo ya malipo yalitolewa kwenye kundi la WhatsApp la menejimenti, na kwamba makadirio yaliyorekebishwa yalitumwa kwenye barua pepe binafsi ya mhandisi, ambaye amehamishiwa mkoa mwingine na simu yake ameondoka nayo. Mkaguzi akifika, nitamwonyesha nini? Na hilo la kuteketeza nilijibuje bila kuonekana mkaidi?

Mstaafu wa Kondoa alijibu:

Mwanangu, zima kiberiti kwanza. Kumbukumbu ya umma haiteketezwi kwa agizo la mkuu wa taasisi peke yake, hata akiwa na sababu nzuri kama hiyo ya kodi. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Namba 3 ya mwaka 2002, inataka kuwe na jedwali linaloonyesha kila aina ya kumbukumbu inatunzwa kwa miaka mingapi na mwisho wake ni upi, na uteketezaji ufanyike kwa idhini ya Idara yenyewe ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Andika dokezo fupi la heshima, mweleze mkuu kwamba unamlinda yeye, maana siku jalada likitafutwa mahakamani atakayeulizwa ni aliyeagiza lichomwe. Sijawahi kuona mkuu aliyekasirikia dokezo la namna hiyo. Wengi huomba nakala.

Halafu yapo majalada ambayo hayana siku ya kuteketezwa. Wewe uko Dodoma, tazama viwanja. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliundwa mwaka 1973 na ikavunjwa mwaka 2017, majukumu yake yakaenda Manispaa, lakini mwananchi aliyepewa kiwanja miaka ya themanini bado ana kiwanja chake na bado anahitaji barua yake ya toleo isomeke. Taasisi ilikufa, jalada halikuruhusiwa kufa.

Kuhusu hayo ya simu, mimi ningechapisha ujumbe wote, niupe namba ya folio, niuweke jaladani. Na hayo maboksi yaondoe sakafuni leo hii. Ukavu wa Dodoma unayafaa makaratasi kuliko unyevu wa pwani, lakini mchwa wa huku hawasubiri jedwali la mtu.

Fundi Mifumo alijibu:

Naafikiana na Mzee kuhusu kuteketeza, ila kwenye kuchapisha ujumbe wa simu naomba kutofautiana naye kwa adabu. Picha ya kioo cha simu iliyochapishwa haisemi kwa uhakika nani aliandika, namba iliyofichwa nyuma ya jina ni ipi, wala kama kuna ujumbe uliofutwa katikati. Ni bora kuliko kukosa kabisa, lakini isigeuzwe kuwa utaratibu.

Kuhusu skana, nimehudumia ofisi kadhaa na kosa ni lile lile: vijana wa muda wanapewa mashine, wanaskani boksi zima kwa siku, na mwisho wa mwezi seva ina maelfu ya mafaili yenye majina kama "Scan0001" na "Scan0001 mpya". Ukiskani "Mchanganyiko" unapata mchanganyiko wa kielektroniki, nao ni mgumu zaidi, kwa sababu boksi unaweza kulifungua na kulipekua kwa macho. Kila waraka unahitaji kuingizwa pamoja na kumbukumbu namba ya jalada, folio, tarehe, mwandishi na somo, na kazi hiyo inataka mtu wa masjala anayeelewa barua inahusu nini. Mimi wa mifumo siwezi kuifanya, na niseme wazi kwamba wengi wetu tunajifanya tunaweza.

Ushauri wangu ni kuanzia mwisho kurudi nyuma: chagua tarehe moja, kuanzia hapo kila barua inayoingia isajiliwe kwenye mfumo siku hiyo hiyo, na ya zamani iskaniwe pale tu jalada linapoombwa. Nakala rudufu isikae chumba kimoja na seva.

Mwanasheria Bahi alijibu:

Nyongeza mbili. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 hairuhusu ushahidi ukataliwe kwa sababu tu ni wa kielektroniki, lakini katika kuupima uzito mahakama hutazama jinsi ulivyotengenezwa na kutunzwa, jinsi ukamilifu wake ulivyolindwa na jinsi mwandishi wake anavyotambulika. Kwa hiyo Mzee na Fundi wote wana hoja: ujumbe wa simu unaweza kupokelewa, ila ukiwa umelala kwenye simu ya mtu aliyehamishwa, uzito wake ni mdogo. Dawa ni aliyetoa maelekezo kuandika dokezo la kuyathibitisha, likitaja tarehe ya ujumbe wa awali, na dokezo hilo lisainiwe kwa tarehe ya siku linapoandikwa. Kurudisha tarehe nyuma ni kughushi, hata kama maelekezo yenyewe yalikuwa ya kweli.

La pili ni majalada binafsi ya watumishi. Humo mna vyeti vya hospitali, hati za talaka na adhabu za nidhamu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakutaka uzilinde, kwa hiyo hayo yasipitie mikononi mwa vijana wa muda.

Masjala Kizota aliandika:

Nawashukuru sana. Nimefungua baadhi ya maboksi ya "Mchanganyiko" na nimekuta majalada ya muda yaliyofunguliwa wakati wa kuhama, ambayo hayakuunganishwa na majalada yake halisi. Huenda sehemu ya yale tunayosema yamepotea imo humo. Dokezo la kuomba uteketezaji usimamishwe nimeliandika. Mhandisi nimempigia, amekubali kutuma barua pepe zote kwenye anwani ya ofisi. Bado sijapata namna ya kumwambia mkuu kwamba WhatsApp si masjala.

Mstaafu wa Kondoa alijibu:

Usimwambie. Mpelekee jalada la ukarabati likiwa wazi kwenye folio 41, weka karatasi ya madokezo juu yake, na uandike: "Naomba maelekezo kuhusu malipo yaliyofuata." Kisha panga tarehe ya kulihudhurisha tena, yaani kulirudisha mezani kwake, baada ya siku tatu.